Majina ya blokcheni: feza yako inaenda wapi?

Ujumbe huo unapita kwenye vikundi vya WhatsApp vya vijana, mara kwa Kifaransa, mara kwa Kiswahili: nunua leo jina lako kwenye blokcheni kwa dola 20 ao 40, unalipa mara moja tu, linakuwa lako milele, kesho utaliuza kwa maelfu. Mara nyingi kuko pia picha ya jina fulani lenye liliuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja.

Picha hiyo inaweza kuwa ya kweli. Jina paradigm.eth liliuzwa mwezi wa 10 mwaka 2021 kwa ETH 420, zenye siku hizo zilikuwa na thamani ya karibu dola milioni moja na nusu. Lakini picha haionyeshi majina mengine yenye yalinunuliwa mwaka ule ule, na yenye hakuna mtu hata mmoja aliyekuja kuyauliza bei.

Kwa kijana wa Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia, dola 40 si feza ya kuchezea. Ni mtaji wa kuanza kuuza mega na krediti, ni sehemu ya minervali ya mtoto, ni mwezi wa nyumba kwa familia yenye ilikimbia vita. Ndiyo maana inafaa kujua kwanza jina hilo ni kitu gani, na nani atakuja kulinunua.

Jina lina kazi gani

Kila kompyuta yenye kuhifadhi ukurasa wa intaneti ina namba yake. Jina la domeni linashika nafasi ya namba hiyo, ili mtu aandike neno lenye anaweza kukumbuka. Unaandika jina, simu yako inauliza: jina hili liko wapi? Inajibiwa namba, ukurasa unafunguka.

Ni kama kumwambia motari wa Goma akupeleke Signers. Anafika bila kuuliza, juu kila motari anajua Signers ni wapi. Sasa mtu anaweza kubandika mbele ya nyumba yake kibao kizuri cha jina lenye alibuni mwenyewe. Kibao ni chake, hakuna wa kumnyang'anya. Ila motari hajawahi kulisikia jina hilo, na mgeni atazunguka Birere mpaka usiku.

Ku intaneti, orodha yenye simu zote zinaijua inasimamiwa na ICANN, shirika lenye liliundwa mwaka 1998 na lenye makao California, Marekani. Ndani ya orodha hiyo kuko .com, .org, na majina ya inchi. Kongo iko na .cd, iliyoanzishwa mwaka 1997 wakati Zaire ilipobadilisha jina. Mbele ya hapo ilikuwa .zr, yenye ilifutwa kabisa mwaka 2001. Msimamizi wa .cd ni SCPT, shirika la leta la posta na simu.

Kuko kisa kimoja cha .cd chenye kinaeleza vizuri kuliko mfano wowote thamani ya jina inatoka wapi. Mwishoni mwa mwaka 2020, mtaalamu mmoja wa usalama wa kompyuta, raia wa Sweden, aliona kwamba jina scpt-network.com lilikuwa limeachwa bila kulipiwa upya. Lilikuwa jina la .com la kawaida, lenye mtu yeyote angeweza kulichukua kwa bei ya kawaida ya .com, dola zisizofika 20 kwa mwaka. Lakini moja ya seva zenye zinajibu maswali ya .cd ilikuwa inaitwa kwa jina hilo. Ni kusema mwenye angelichukua angeweza kupokea karibu nusu ya maswali yote ya kutafuta kurasa za .cd, na kuyajibu vile anavyotaka. Mtaalamu huyo alilinunua ili mtu mwenye nia mbaya asilichukue, akawajulisha wasimamizi, na mwezi wa kwanza 2021 akatangaza mambo yote.

Jina la bei ya sahani chache za samaki lilishika nusu ya mlango wa inchi nzima. Halikuwa na neno tamu ndani yake, wala halikuwa fupi. Thamani yake yote ilitoka ku kitu kimoja: mashine nyingi sana zilikuwa zinaliuliza kila dakika.

Na majina ya blokcheni?

Blokcheni ni daftari lenye linaandikwa kwa wakati mmoja kwenye kompyuta nyingi za inchi nyingi, bila biro moja yenye kulishika. Si kitu cha mbali na Kivu: tangu mwaka 2020 mashine za kuchimba bitcoin zilianza kufanya kazi Luviro, Kivu ya Kaskazini, kwa umeme wa maji wa Hifadhi ya Virunga.

Wazo la kuandika majina ndani ya daftari hilo lilianza mwaka 2011 na Namecoin, yenye ilitoa majina ya .bit. Mwaka 2017 ikaja Ethereum Name Service, ENS, na majina ya .eth. Mwaka 2018 kampuni ya Marekani iitwayo Unstoppable Domains ilianzishwa, na baadaye ikauza .crypto, .wallet, .nft, .x na mengine. Mwaka 2020 ikafuata Handshake. Hakuna hata mwisho mmoja kati ya hiyo wenye kuingia ku intaneti kupitia orodha ya ICANN. Ndiyo maana Chrome, programu yenye iko kwenye simu nyingi za hapa, haifungui jina la .crypto ao .eth. Brave na Opera zimewahi kuweka njia ya kufungua baadhi yao. Mteja wa duka lako la Kadutu hatabadilisha programu ya simu juu ya kuona bei ya sukari.

Namecoin iliacha somo lenye wauzaji wa leo hawapendi kutaja. Mwaka 2015, watafiti wa chuo kikuu cha Princeton walichunguza majina yote ya .bit yenye yalikuwa yameandikishwa. Yalikuwa karibu 120,000. Yenye yalikuwa yanatumiwa kweli, na ukurasa wa maana, bila kuwa yameshikwa tu kwa kungoja mnunuzi, yalikuwa 28. Si elfu 28. Ni 28.

Watu walikuwa wamenunua majina kwa kuwauzia watu wenye wangekuja kuyatumia, na wenye kuyatumia hawakuja.

Wenye walipata, walipata namna gani

Itakuwa uongo kusema hakuna mwenye alipata faida. ENS hasa ilitajirisha watu. Wenye walikuwa na jina la .eth mbele ya tarehe 31 mwezi wa 10 mwaka 2021 walipewa mwezi wenye ulifuata sarafu za ENS za bure, na wengi waliziuza kwa maelfu ya dola. Lakini hiyo ilikuwa zawadi ya mara moja kwa wenye walikuwa wamekwisha ingia. Mwenye ananunua .eth leo hapati sarafu hizo.

Kisha mwaka 2022 kukaja homa ya namba. Watu walikimbilia majina ya tarakimu tatu na nne, toka 000.eth mpaka 9999.eth, wakaunda kama vilabu vya wenye namba. Mwezi wa 7 mwaka huo 000.eth iliuzwa kwa ETH 300. Hapa kuko kitu cha kuangalia kwa makini. ETH 300 si mbali sana na zile 420 za paradigm.eth. Lakini kwa dola, paradigm.eth ilikuwa karibu milioni moja na nusu, na 000.eth ilikuwa kama 320,000 tu, juu bei ya ETH yenyewe ilikuwa imeanguka. Mwenye kununua jina la .eth anabeba hatari mbili kwa mara moja: jina linaweza kukosa mnunuzi, na hata mnunuzi akipatikana, sarafu yenye atalipa inaweza kuwa imeshuka. Hiyo hatari ya pili hata mabingwa wa kununua majina wanaisahau.

Mwezi huo huo wa 7, mtu aliweka ofa ya dola za kidijitali milioni moja kwa jina amazon.eth. Ofa ilifika mwisho wa muda wake bila mwenye jina kuijibu. Watu walicheka, wengine wakasema alikuwa anangoja zaidi. Ila kisa hicho kinaonyesha soko lenyewe lilivyo: mnunuzi ni mmoja, anakuja siku yenye anataka, na akiondoka hakuna mwingine nyuma yake kwenye mstari. Mwenye bitcoin akitaka kuuza, anapata mnunuzi saa yoyote, kwa bei yenye kila mtu anaiona. Mwenye jina anangoja.

Na kungoja kunalipiwa. Jina la .eth lenye herufi tano ao zaidi ni dola 5 kwa mwaka; la herufi nne ni 160; la herufi tatu ni 640. Juu ya hapo kuko malipo ya mtandao wa Ethereum, yenye katika miaka ya 2021 na 2022 mara nyingi yalizidi bei ya jina lenyewe. Mtu mwenye ananunua majina 50 ya dola 5, akitumaini moja litapendwa, anatoa dola 250 mwaka wa kwanza. Asipouza, mwaka wa pili ni 250 tena. Baada ya miaka mitatu amekwisha toa 750, bila kuhesabu mega na malipo ya mtandao. Lazima lile jina moja lipate mnunuzi wa zaidi ya hapo ndipo aanze kuongea faida.

Kiwanja kimoja, hati mbili

Wakaazi wa Goma na Bukavu hawahitaji kuelezwa shida ya kiwanja chenye kimeuzwa mara mbili. Kila mmoja ana karatasi, kila mmoja ana muhuri, wanakutana siku mmoja anapoanza kupanga mawe ya msingi. Kwenye majina ya blokcheni jambo hilo limekwisha tokea.

Unstoppable Domains ilikuwa inauza majina ya .coin. Mwezi wa 10 mwaka 2022 ilitangaza kwamba inaacha, juu iligundua kuwa blokcheni nyingine, Emercoin, ilikuwa inatoa .coin tangu mwaka 2014. Kampuni ilisimamisha mauzo na ikaacha kuyatambua majina hayo kwenye mfumo wake. Wanunuzi walipewa krediti ya kununua majina mengine ya kampuni hiyo hiyo, mara tatu ya bei yenye walikuwa wamelipa. Kwa kampuni, hiyo ilikuwa heshima, na kweli wengine wasingefanya hata hivyo. Lakini soma vizuri: ni krediti ya dukani, siyo feza mkononi.

Majina ya .coin yenyewe hayakufutwa. Yalibaki kwenye pochi za wenye waliyanunua, yameandikwa milele ndani ya daftari kama vile waliahidiwa. Kampuni iliacha tu kuyafungulia mlango. Neno "milele" lilitimia, na kazi ya jina ikaisha siku hiyo hiyo.

Mwaka huo huo .wallet nayo ilileta ugomvi, kwani ilikuwa inauzwa na Unstoppable Domains na wakati uleule ilikuwa na mwenyewe kwenye Handshake. Kadasta ya kuamua nani alitangulia haiko. ICANN ilikuwa imekwisha toa tahadhari kwa wanunuzi mwezi wa 11 mwaka 2021, ikieleza kwamba majina yenye kuuzwa nje ya mfumo wake hayafanyi kazi kama mengine na yanaweza kugongana. Wauzaji wanasema ICANN inalinda soko lake. Inawezekana, ila hilo halifanyi.coin ifunguke.

"Hakuna serikali yenye inaweza kulifunga"

Hii ndiyo hoja yenye inagusa watu wa hapa, na wauzaji wanajua. Kongo inakumbuka vizuri tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, siku moja baada ya uchaguzi, wakati intaneti ilikatwa karibu majuma matatu. Jina lenye hakuna mtu anaweza kulizima linasikika kama dawa.

Ila siku zile hazikufungwa majina. Ilikatwa njia yenyewe. Jina la blokcheni linahitaji intaneti sawa na jina lingine lote, hata zaidi, kwani programu yako inapaswa kufika kwanza kwenye daftari, kisha kwenye ukurasa.

Na hata huko kwenye blokcheni kuko milango yenye watu wanaishika. Kwa miaka mingi, mtu mwenye hana programu ya pekee alifungua ukurasa wa .eth kwa kuongeza herufi chache mwishoni: jina.eth.link. Eth.link ni jina la kawaida, la mfumo wa ICANN, lenye lilipaswa kulipiwa kama .com ya mtu yeyote. Mwenye uwezo wa kulilipia upya alikuwa Virgil Griffith, mtaalamu wa Ethereum, na mwaka 2022 huyo alikuwa gerezani Marekani, amehukumiwa miezi 63 kwa kesi ya vikwazo juu ya Korea ya Kaskazini. Muda ulipofika, jina likaondoka mikononi mwa ENS na kampuni nyingine ikalinunua. Ilibidi kwenda mahakamani, na mwezi wa 9 jaji wa Marekani akaamuru lirudishwe. Majina yenye yalisifiwa kwamba hayahitaji leta wala jaji yaliokolewa na jaji.

Kuko na hatari nyingine yenye ni ya nyumbani kabisa. Jina la blokcheni linakaa kwenye pochi ya kidijitali, na ufunguo wa pochi ni maneno 12 ao 24 yenye unaandika mahali pa siri. Ukipoteza simu yako na laini ya mobile money, unaenda kwenye ofisi ya mtandao na kitambulisho, wanakurudishia namba, na feza yako ingalipo. Ukipoteza maneno yale, hakuna ofisi. Katika miji yenye watu wamekimbia zaidi ya mara moja, wakiacha nyuma makabati, karatasi na simu, "ni lako peke yako" ina maana mbili. Na mwenye akikuomba maneno hayo kwa WhatsApp, hata akisema ni wa huduma kwa wateja, anakuibia. Hakuna kampuni ya kweli yenye inayahitaji.

Linafaa kwa nini, basi

Kuna kazi moja yenye majina haya yanafanya vizuri. Adresi ya pochi ya Ethereum ni herufi na tarakimu 42, na ukikosea moja feza inaweza kwenda kusikorudi. Jina la .eth linasimama mahali pa mstari huo. Mtu mwenye anapokea malipo ya sarafu za kidijitali kila mwezi, kwa mfano kijana mwenye anaandika programu kwa wateja wa Ulaya, dola 5 kwa mwaka si nyingi kwake. Hiyo ni matumizi, kama kulipia simu. Si kuweka akiba.

Kwa wengine wote, namba ya simu imekwisha kufanya kazi hiyo. Unaandika namba, mara nyingi simu inakuonyesha jina la mpokeaji, unathibitisha. Shangazi wa Walungu hahitaji .eth kupokea feza ya mtoto wake wa Bukavu.

Wauzaji sasa wanaongea juu ya duru ya ICANN ya kufungua miisho mipya, yenye ilipangwa kupokea maombi kuanzia mwezi wa 4 mwaka 2026. Wanasema majina ya blokcheni yataingia ku intaneti ya kila mtu na bei zitapanda. Ombi moja linalipiwa dola 227,000, na anayeomba ni kampuni, siyo mwenye jina moja kwenye simu yake. Kampuni ikikubaliwa, yenyewe ndiyo inaamua namna ya kuwapokea wanunuzi wa zamani. Ikiwa kampuni nyingine ndiyo inapewa mwisho huo, jina lako na jina la mgeni yatakuwa sawasawa, na lake ndilo litafunguka.

Na .eth haina hata tiketi ya kuingia kwenye duru hiyo. ETH ni alama ya herufi tatu ya Ethiopia kwenye orodha ya kimataifa ya inchi, kama vile COD ni ya Kongo, ile yenye iko kwenye paspoti. Sheria za ICANN zinakataa alama hizo zigeuzwe miisho ya biashara. Comoro peke yake ilikwisha poteza yake, COM, juu .com ilitangulia.

Mwenye tayari ana majina ya .eth anaweza kuangalia tarehe ya mwisho ya kila moja kwenye programu ya ENS. Baada ya tarehe hiyo kuko siku 90 zenye jina linaweza bado kulipiwa upya, bila mtu mwingine kuweza kulichukua. Mwenye hataki tena jina haombi ruhusa wala halipi kitu: anaacha siku hizo zipite.